Kiungulia Kilichonikalisha Kitini

Watu wa mtaani kwetu Kunduchi walidhani ni magoti. Nami niliwaacha wadhani hivyo, maana magoti ni ugonjwa wa heshima. Mwanamke mpishi wa shughuli, anayesimama kwenye moshi tangu alfajiri, akiumwa magoti watu wanasema maskini, kazi imemla. Lakini magoti yangu yalikuwa mazima, mpaka leo nachuchumaa nasugua masufuria ya harusi bila kusema ah. Kilichonikalisha kwenye kiti cha plastiki wakati wa sala kilikuwa kiungulia.

Sasa nani atakubali kwamba kiungulia ni ugonjwa? Ukisema una kiungulia, watu wanakutazama tumbo, wanakuuliza una miezi mingapi, na mmoja hakosi kukwambia mtoto atazaliwa na nywele nyingi. Mie wakati huo mwanangu wa mwisho alikuwa ana ndevu. Nikawa nanyamaza zangu.

Kilianza kidogokidogo. Mara ya kwanza nikila pilau usiku, kifua kinawaka. Baadaye hata nisipokula. Nikisimama wima afadhali, nikiinama ndiyo balaa. Nikishusha paji la uso kwenye mkeka tu, maji makali yanapanda kifuani, yanapita kooni, yananijia mpaka mdomoni, machungu na makali kwa pamoja, kabla sijasema hata neno moja. Nakatisha sala, nakwenda kusukutua, narudi, naanza upya, yanarudi. Kuna adhuhuri moja nilianza upya mpaka alasiri ikaadhiniwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja na ambaye hakuna jambo asilolijua, akaenda uani, akachukua kiti cheupe cha plastiki, akakibwaga nyuma ya mkeka wangu. "Kaa," akasema. "Unamchosha Mungu."

Nilikaa. Nikakaa takribani miaka miwili.

Nataka nieleweke hapa. Sheikh wetu nilimuuliza, akanijibu vizuri kabisa: mgonjwa ana ruhusa yake, sala ya kukaa inakubaliwa, nisijitie unyonge. Najua inakubaliwa. Mungu hana haja na sakafu. Mie ndiye niliyekuwa na haja nayo. Mwanangu wa kwanza alipougua degedege, niliomba nikiwa sujudi. Mume wangu, ambaye ni fundi wa injini za boti, alipopotea baharini na boti aliyokwenda kuijaribu, niliomba nikiwa sujudi mpaka mkeka ukaniacha alama usoni. Pale chini hakuna anayekuona. Nimelia pale, nimelalamika, nimegombana na Mola wangu na nimemshukuru. Ukiwa kitini unainamisha kichwa kidogo tu, kama mtu anayesinzia kwenye benchi la hospitali, unasema maneno yako, unanyanyua kichwa. Nilikuwa nikimaliza najiona kama sijaenda popote. Nilitaka nirudi chini. Sikutaka kingine.

Bwana, nilitumia dawa! Kwetu tumbo likiwaka hakuna cha kuuliza, ni vidonda vya tumbo, na kila mtu ana dawa ya vidonda vya tumbo. Nilikunywa maji ya kabichi mbichi. Nilikunywa mshubiri, uchungu wake bado ninao hapa. Nilikunywa mtindi asubuhi na jioni mpaka nikawa nanuka kama ndama. Mama mmoja wa sokoni akanipa magadi ya kukoroga kwenye maji, nikabeua kishindo kimoja, mume wangu akaruka kitandani akidhani mlango umevunjwa. Kilitulia kwa muda mfupi kisha kikarudi na hasira zake.

Halafu kuna kapsuli za duka la dawa. Zile kila nyumba ya Dar es Salaam inazo, kwenye kabati la vyombo, pembeni ya Panadol. Na tulikuwa tunazimeza kama Panadol vilevile: kikiwaka, unachukua moja, kikitulia, unaacha. Tena tukizila baada ya chakula, kwa adabu, maana tangu utoto tumefundishwa dawa usimeze na tumbo tupu. Wifi alikuwa anatembea nazo kwenye pochi. Tukiwa kwenye shughuli, biriani likishaliwa, utamsikia, "Nani anataka ya tumbo?" Na mikono inanyooshwa kama watu wanaogawiwa halua.

Kilichonipeleka hospitali ni kipande cha chapati. Nilikuwa nakunywa chai zangu, kikakwama katikati ya kifua, hakishuki, hakipandi. Nilikaa pale macho yamenitoka, wifi ananipiga mgongoni huku anasoma kila aya anayoijua. Kilishuka chenyewe baadaye. Lakini mume wangu, mtu mpole ambaye kwa kawaida huwezi kumtofautisha na kabati, alisimama akasema, "Kesho tunakwenda hospitali kubwa. Sitaki kusikia habari ya kabichi." Nikamtii. Nilishaogopa.

Daktari niliyempata alikuwa binti mdogo wa bara, Kiswahili chake kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Akaniamkia shikamoo mama, nikaitikia marahaba, na moyoni nikasema huyu atajua nini, huyu bado ananukia shule. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mie ninapoanza kusimulia ugonjwa naanzia mbali, na watu wengi huwa wananikata kauli. Huyu hakunikata. Nilipofika kwenye kiti cha plastiki, nikajifuta macho kwa kanga, akanisogezea karatasi laini, akasema, "Kwa hiyo mama, unachotaka ni kuweza kusujudu." Nikasema ndiyo. Akaandika. Mkristo wa watu, amenielewa kuliko majirani zangu.

Akanipeleka kwenye kipimo cha kamera. Sitaki kukiremba: unameza mpira. Wanakupuliza dawa ya ganzi kooni, ulimi unakuwa mzito kama si wako, unalazwa ubavu, halafu wanakuambia meza, meza mama, meza. Nilimeza huku namlaani kila aliyenishauri. Lakini hakikuchukua muda, na majibu yakaja mazuri kuliko nilivyojiandaa. Hakuna uvimbe mbaya. Hakuna hata hivyo vidonda vya tumbo ambavyo nimevinywea kabichi. Njia ya chakula, ile inayotoka kooni kwenda tumboni, ilikuwa imeungua kwa chini, nyekundu, imechubuka. "Kuna kama mlango pale kati ya njia ya chakula na tumbo," daktari akaniambia. "Wako umelegea. Tindikali ya tumbo inapanda badala ya kubaki chini. Ukiinama ndiyo inapata njia."

Nikamwuliza mlango unakazwaje.

Akanieleza kwa utaratibu. Kwanza dawa, zilezile kapsuli za kwenye kabati, lakini kwa adabu yake: kila siku, inawaka au haiwaki, asubuhi kabla ya chakula, halafu baada ya nusu saa hivi ndiyo unakula. Dawa haikazi mlango, alisema, inapunguza ukali wa kinachopanda ili njia ipate kupona. Kikizidi ghafla kuna ile dawa nyeupe ya maji ya kutikisa, au vidonge vya kutafuna, lakini hivyo ni vya kuzima moto wa siku hiyo tu. Usile halafu ukalala. Nyanyua kichwani mwa kitanda. Haya yote yakishindwa, kuna upasuaji. Hawapasui tumbo wazi, wanatoboa matundu madogo, wanachukua sehemu ya juu ya tumbo wanaizungusha kwenye ile njia ya chakula kule chini, wanaishona, kama mtu anavyozungusha kanga shingoni, na mlango unakaza.

"Basi nizungusheni," nikasema.

Akacheka. Akasema si kila mtu anafaa, na si bure hivyo. Wiki kadhaa unakula uji na vitu laini. Wengine tumbo linajaa gesi, wanashindwa kubeua. Wengine baada ya miaka mlango unalegea tena wanarudi kwenye vidonge. Wapo wanaopona vizuri sana, wapo pia waliojuta. Kwa hiyo dawa kwanza, miezi kadhaa, ndiyo tuzungumze kisu.

Wifi alipoisikia habari ya kushindwa kubeua alishika mdomo. "Mpishi asiyebeua! Watu watajuaje chakula kimekolea?"

Nilizimeza zile dawa kwa imani. Nikiamka kwa sala ya alfajiri, kabla sijasema na mtu, kapsuli na maji. Mume wangu akaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, ya inchi sita, bila kuulizwa. Kila asubuhi tukawa tunaamka tumerundikana miguuni kama viazi kwenye kiroba kilichoinamishwa, yeye kanyanyua magoti ili asidondoke. Hakulalamika. Nikaacha pilau la usiku. Nikaacha hata chai ya tangawizi, na hilo lilinitoa machozi.

Na kiungulia? Kikapungua siku za kukaa nyumbani, siku za shughuli kikawaka vilevile. Na mie siku za shughuli ndizo nyingi. Nikijaribu kushuka kwenye mkeka, kinapanda. Nikarudi kwa binti yangu daktari, nikamwambia dawa imeshindwa. Akaniuliza, unameza saa ngapi? Alfajiri. Kabla ya kula? Kabla ya kula, wallahi. Unakula mara ngapi kwa siku? Mara moja, jioni, sina hamu ya chakula kabisa mchana. Mafuta? Sili. Pilipili? Sigusi, wallahi. Akaongeza dozi, asubuhi na jioni. Ikawa hivyohivyo. Mwisho akasema, haya, nitakuunganisha na madaktari wa upasuaji, na tarehe ikapangwa iwe baada ya Idi.

Nilifurahi jamani. Watu wanalia wakiambiwa wanakatwa, mie nilitoka pale nikitabasamu. Kwenye benchi la nje nilikuwa nimekutana na mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji huohuo, sehemu ya tumbo lake ilikuwa imepanda mpaka kifuani. Akaniambia sasa analala chali kama mfalme. Niliposikia chali nikawaza, huyu wa chali, mie wa kusujudu. Mume wangu njia nzima alikuwa anajifuta jasho wakati jua lilishazama.

Ramadhani ikaingia. Daktari alinionya, nikiona vibaya nifungue. Lakini alinipangia: magharibi fungua kwa maji na tende, meza kapsuli, sali magharibi yako taratibu, ndiyo ukae ule. Daku nile kidogo, mapema, nisirudi kulala hapohapo. Nikasema nitajaribu. Kusema kweli nilikuwa na hofu kubwa.

Siku za mwanzo nilikuwa kama mtu anayemsubiri mgeni asiyempenda. Sijamwona. Kumi la kwanza likaisha, kifua kimenyamaza. Nikifuturu, nangoja kiwake, hakiwaki. Na si kwamba nilikuwa nimekaa, Ramadhani nilikuwa na oda za futari kila jioni, nimesimama kwenye moto uleule, moshi uleule, sambusa, kachori, mchuzi wa pweza, tambi. Wifi akasema ni baraka za mwezi. Nami nikasema ni baraka za mwezi. Nani angebisha?

Ila kushuka chini sikuthubutu. Nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, nikiona ung'ongo nashtuka. Kwenye tarawehe nikakaa pembeni mwa safu ya wanawake, kwenye kiti, na vikongwe. Binti mmoja aliyeolewa karibuni mtaani akapita, akainama kwa heshima zote, akaniambia, "Shikamoo bibi." Bibi! Sijafika hamsini. "Bibi wa nani?" nikamwuliza. "Bibi yako yuko Bagamoyo, mwamkie huko." Maskini binti wa watu akakimbia na khanga yake. Nilijuta baadaye, lakini pale nilikuwa na uchungu. Mbele yangu safu nzima ya wanawake inashuka pamoja, migongo tu, na mie nimebaki juu kama bendera.

Idi ikaja, ikapita. Mfungo mosi mnaujua, ndoa zote zilizosubiri zinafumuka kwa pamoja. Shughuli ya kwanza ilikuwa ya Kibamba, biriani na pilau, watu wengi. Tuliondoka Kunduchi alfajiri, nimemeza kapsuli yangu, nimebeba miko yangu. Nilipika siku nzima, nikapalia makaa juu ya pilau, nikaonja, nikarekebisha, nikaonja, watu wakala wakashukuru. Jioni kabla hata sijala, kikanishika. Kiliniwaka mpaka mgongoni. Nilijikunja kwenye gari la vyombo katikati ya masufuria, nalia, na wifi kanishikilia kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kutumaini, ndiyo maana iliuma namna ile.

"Baraka zimekwisha," nikamwambia. "Na wanikate."

Wiki hiyohiyo ilikuwa zamu yangu ya kumwona daktari kabla ya upasuaji. Niliingia na wifi, sijaitikia hata salamu yake vizuri. Nikamwambia nikateni hata leo, nimechoka, mwezi mzima nimekuwa mzima halafu kimerudi chote. Akaweka kalamu chini.

"Mwezi mzima ulikuwa mzima?"

"Ramadhani yote."

"Na ulikuwa unapika?"

"Kila siku."

"Sasa jana, au hiyo siku kiliporudi, ulifanya nini ambacho Ramadhani hukufanya? Nieleze tangu asubuhi, mama. Usiruke."

Nikaona ananipotezea muda, lakini nikamweleza. Nimeamka, nimemeza dawa. Tumefika, tumewasha kuni. Tumekaanga vitunguu. Tumeweka nyama, nyanya, mtindi, ndimu, pilipili. Nikaonja chumvi. Nikaongeza ukwaju kidogo, nikaonja. Na niliposema nikaonja, mkono wangu ukafanya wenyewe, kama unavyofanya siku zote: upawa usiokuwapo mkono wa kulia, nikadondoshea kwenye kiganja cha kushoto, nikalamba. Ndivyo tunavyoonja. Mama yangu alionja hivyo, na aliyemfunza mama yangu.

Daktari akanitazama. "Hicho ni nini, mama?"

"Naonja."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Nikaona ananichezea.

"Kwa siku ya shughuli unafanya hivyo mara ngapi?"

"Aah, mwanangu, nitajuaje? Kila sufuria. Mchuzi ukichemka, ukipungua, ukitiwa ndimu, wenzangu nao wananiletea ya kwao, onja hii, onja ile. Mpishi huyo, asipoonja si atalisha watu chumvi?"

"Na asubuhi unaanza saa ngapi kuonja?"

"Supu ya nyama ndiyo ya kwanza. Mapema tu, dawa bado iko mdomoni."

"Lakini uliniambia unakula mara moja kwa siku. Jioni."

"Ndiyo. Jioni."

"Na unachoonja?"

"Sili. Naonja."

"Sawa," akasema, taratibu kabisa, "ukishaonja, kinakwenda wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Mie si mtu wa kukosa jibu, muulize mtu yeyote wa Kunduchi. Nikaufunga. Nikamwona wifi pembeni yangu naye kafungua mdomo, wake haujafunga. Ndimu, ukwaju, pilipili, nyanya, mafuta ya moto, tangu asubuhi mpaka jioni, miaka yote hiyo, kidogo na kidogo, na mchana kutwa bila chakula chochote cha kuvituliza. Na mie nimeapa wallahi kwamba pilipili sigusi. Na sikusema uongo! Kwa mpishi kula ni kukaa chini, kunawa, kusema bismillahi. Kulamba kiganja ni kazi.

"Na Ramadhani?" daktari akauliza.

"Ramadhani naonja kwa ncha ya ulimi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imekuwa ndogo. "Halafu natema. Nimefunga."

Aliyeanza kucheka ni wifi. Alicheka mpaka akajishika mbavu, "Mchovya asali hachovyi mara moja! Na wewe umechovya pilipili miaka nenda miaka rudi!" Daktari akajaribu kujizuia, akashindwa, akageukia dirishani. Mie nilikasirika kwanza. Nilikasirika kwelikweli, nikawaza mpira niliomeza, matofali, chai yangu ya tangawizi, kiti. Halafu kicheko kikanitoka na machozi yake. Tulicheka watatu mpaka muuguzi akachungulia.

Alipotulia, daktari akanieleza kwa makini. Hakusema ugonjwa haukuwapo. Mlango umelegea kweli na utabaki umelegea. Lakini dawa haijashindwa, kwa sababu haijawahi kupewa nafasi: inataka imezwe, tumbo litulie kidogo, halafu chakula cha kweli kifuate, si supu ya kulamba kila baada ya muda kutwa nzima. "Tusikukate kwanza, mama. Kisu hakikimbii, kipo. Kama miezi michache ijayo bado kinawaka, nitakupeleka mwenyewe kwa mkono wangu. Kwa sasa, pika kama umefunga."

Pika kama umefunga. Nilitoka pale mwepesi, nimekuja kuomba kisu na naondoka bila kisu, na nimefurahi mara mbili.

Sasa kumeza kidonge ni rahisi, ila jaribu kumwambia mpishi asimeze mchuzi alioukoleza mwenyewe. Shughuli ya kwanza baada ya hapo, mkono ulikuwa unakwenda kiganjani wenyewe, wifi ananipiga kofi la mkono. Nikaweka kikombe cha maji na ndoo ndogo pembeni ya jiko. Naonja kwa ncha ya ulimi, natema, nasukutua. Wenzangu walinicheka, wakasema mama huyu anafunga Idi mpaka Idi. Wacha wacheke. Asubuhi nameza kapsuli, nasali, nasoma kidogo, halafu nakaa, nanawa, nasema bismillahi, nakula mkate au viazi vitamu kama binadamu. Adhuhuri nakula tena, nimekaa. Hakuna harusi iliyolalamika chumvi. Ramadhani nzima hawakulalamika, wangelalamika sasa?

Wiki zikaenda. Dozi ya jioni daktari akaiondoa, akabakisha ya asubuhi. Mume wangu akaniuliza kama anaweza kutoa matofali, nikamwambia bado, akasema sawa na akarudi kulala kwenye mteremko wake.

Bado nilikuwa nasali kitini. Daktari alikuwa ameniuliza, "Umeshajaribu kuinama?" nikamwambia nitajaribu. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa mpira. Mpira ukishindikana, kuna dawa. Dawa ikishindikana, kuna kisu. Lakini nikishuka na yale maji yakapanda, nitakuwa sina tena pa kusemea.

Ilikuwa alasiri, siku ya kawaida tu, hakuna shughuli. Nilikuwa nimetia udhu. Wifi yuko kizingitini anamenya vitunguu, anapiga soga na mtu wa dirisha la pili. Nikatandika mkeka. Nikakishika kiti kukisogeza mahali pake, na mkono wangu, ule ule usionisikia siku zote, ukakisukuma mpaka ukutani. Nikabaki nimesimama mwenyewe. Nikasema Allahu akbar kabla sijabadili mawazo.

Rukuu nikainama, nimebana pumzi. Kimya. Nikanyooka. Halafu nikashuka, mikono kwanza, magoti, nikalishikilia paji la uso karibu na mkeka kama mtu anayejaribu maji ya kuoga yasije yakawa ya moto. Nikaliweka.

Nikasubiri. Harufu ya ukindu, vumbi kidogo, sakafu ya baridi chini yake. Kifua changu kilikuwa kimetulia. Mdomo wangu ulikuwa mkavu, mtamu, wangu.

Kwa ule muda wote wa kitini nilikuwa nimeweka akiba ya maneno. Nilishapanga nitaomba nini nikirudi, kwa nani na nani, na malalamiko mawili matatu pia. Hayakuja hata moja. Nililosema lilikuwa hili tu, nikalirudia na kulirudia, machozi yanateremka kuelekea kwenye nyusi badala ya mashavuni: nimekuja, ya Rabbi, nimekuja.

Sauti ya kisu kwenye vitunguu ikakoma mlangoni. "Wifi?" Halafu tena, kwa hofu, "Wifi! Wifi yangu, umekufa?" Nikasikia ndala zake zinakuja mbio, zikasimama kichwani pangu, nikasikia anavyohema. Sikumjibu, maana nilikuwa sijamaliza.